Maswali ya Wasomaji: Injini Uliyoagiza Bado Haijaundwa

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zina dukuduku moja: mtu ametoa arubuni ya injini ya mvuke ya mfano, miezi imekatika, mzigo hauonekani. Majibu hayalingani urefu. Swali moja lina mambo mengi ndani yake, jingine linatosheka na sentensi tatu.

Nimeshaliwa, au ndivyo kazi ilivyo?

*Assalaam alaykum. Nimeagiza injini ya mvuke ya mfano, kipimo cha 00, kwa muuzaji wa Uingereza. Wakati naagiza palikuwa na picha ya kompyuta tu. Waliahidi mwaka jana, sasa wanasema mwakani. Kitu chenyewe hakizidi shubiri moja. Ni kazi gani hiyo ya miaka miwili? — Msomaji, Langoni, Lamu*

Waalaykum salaam. Kuchelewa peke yake si dalili ya kuliwa. Injini mpya kabisa, ambayo kalibu zake hazijawahi kuchongwa, kwa kawaida huchukua kati ya miezi 18 na miaka 3 tangu itangazwe hadi iingie sandukuni. Na ule udogo wake ndio unaoirefusha kazi.

Chukua bati la injini ya kweli lenye unene wa milimita 6. Kwa kipimo cha 00, yaani 1:76.2, bati hilo lingekuwa na unene wa milimita 0.08. Plastiki iliyoyeyushwa haipiti mahali pembamba hivyo. Mchoraji inambidi aamue kila ukingo peke yake: hapa anenepeshe kisha achonge mwisho wake uonekane mwembamba, pale aweke kipande cha chuma kilichokatwa kwa asidi, kule atumie waya. Halafu kuna kona. Reli ya mezani ambayo wengi wanayo ina nusu-kipenyo cha milimita 438. Ukiikuza mara 76.2 unapata kona ya mita 33, na hakuna injini kubwa ya njia kuu inayoweza kupinda hapo. Kwa hiyo ekseli za katikati hupewa nafasi ya kucheza kushoto na kulia, na silinda husogezwa nje kidogo ili magurudumu madogo ya mbele yasizigonge. Ukisogeza silinda, ile mikono inayoendesha magurudumu nayo inasogea, na ikisogea inaanza kugusa jukwaa la pembeni. Unarudi kwenye mchoro. Hapo ndipo miezi ya mwanzo inapokwenda, na mnunuzi haoni kitu isipokuwa picha ileile ya kompyuta.

Baada ya michoro huja kalibu. Hizi ni vipande vya chuma cha pua kigumu vinavyochongwa kwa mashine ya kompyuta na kwa cheche za umeme, kalibu za plastiki za mwili na kalibu za zamaki, yaani ile aloi ya zinki, za fremu na uzito. Watu wa Lamu watalielewa jambo hili upesi. Fundi wa Matondoni anaweza kukuchorea jahazi kwa maneno mwaka mzima, lakini siku mkuku umelazwa ndipo unapojua chombo kipo. Kalibu ndiyo mkuku wa injini yako. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika mradi, na kampuni iliyokwisha kuilipia haina sababu ya kuiacha njiani.

Kalibu ikikamilika hutoka sampuli za kwanza, za plastiki ya kijivu isiyo na rangi. Ukizitazama picha zake kwa makini utaona mengi. Angalia ubavu wa boila penye mwanga wa pembeni: kama kuna bonde dogo, plastiki ilikuwa nene upande wa ndani ikanywea ilipopoa. Angalia magurudumu ya kuendesha: mikono ya upande mmoja inatakiwa kutangulia ule wa pili kwa nyuzi 90 kamili. Ekseli moja ikipotoka hata kidogo, injini huchechemea, na kwa mwendo wa polepole hukwama mahali palepale kila mzunguko. Makosa haya hurekebishwa kwenye kalibu, na chuma kina tabia yake: unaweza kukipunguza, kukirudishia ni taabu. Ndiyo maana mafundi wa kalibu huacha chuma cha ziada makusudi, wakapunguza kidogo kidogo kila sampuli inapotoka. Sampuli mbili au tatu ni kawaida. Ukisikia "tumeomba sampuli nyingine", hiyo ni habari njema. Wanaokimbilia kuuza sampuli ya kwanza ndio wanaokuletea injini inayochechemea.

Kisha rangi. Mistari, nambari na nembo huchapwa kwa mpira laini wa silikoni unaobeba wino kutoka kwenye bamba na kuubandika juu ya boila ya mviringo. Kila rangi ni pigo lake, na kila upande ni pigo lake, hivyo injini yenye mistari mitatu sambamba hupita mikononi mwa wachapaji makumi ya mara. Mstari wa tangi ukipishana na wa kibanda cha dereva kwa nusu milimita, jicho linauona.

Mwisho ni foleni ya kiwanda. Viwanda vingi vya kazi hii viko China, na kimoja huundia kampuni kadhaa. Kampuni yako ikichelewa kuidhinisha rangi, zamu yake hupewa mwingine nayo hurudi nyuma miezi. Mwaka Mpya wa Kichina nao huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Wafanyakazi huenda makwao, na baadhi hawarudi kiwandani palepale. Mikono mipya lazima ifundishwe kukusanya kitu chenye mamia ya vipande, vingine vidogo kama punje ya ufuta. Kazi ikiahidiwa "baada ya sikukuu", ihesabie Aprili. Halafu meli. Mwishoni mwa 2023 meli nyingi za kwenda Ulaya zilianza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mzunguko huo huongeza takriban siku 10 hadi 14.

Sasa jipime ulipo. Mwulize muuzaji kwa maandishi: kalibu zimeshachongwa? Kuna picha ya sampuli, na ni ya ngapi? Nafasi ya kiwandani imeshapangwa? Muuzaji mwaminifu hata asiyejua atakujibu ndani ya wiki kwamba ameuliza kwa mtengenezaji. La kutia wasiwasi ni hili: umelipa fedha zote, mwaka mzima umepita, picha ni ileile ya kompyuta, na barua zako zinajibiwa kwa maneno yaleyale. Ukifika hapo usingoje zaidi, dai pesa zako.

"Robo ya tatu" ni lini hasa?

*— Msomaji, Maweni, Malindi*

Ni kati ya Julai na Septemba, na uihesabie mwisho wa Septemba, si mwanzo wa Julai. Tena tarehe hiyo mara nyingi ni ya mzigo kufika katika ghala la mtengenezaji. Kutoka hapo kuna kugawia maduka, duka kupakia, ndege, forodha na barabara. Kwa mtu wa Malindi ongeza mwezi mmoja hadi miwili.

Arubuni na kadi

*Mwanangu wa kiume ametumia kadi yangu kuagiza injini ya pauni 240. Wamekata pauni 40 na kusema zilizobaki watazikata mzigo ukitoka. Nina hofu mbili: pesa zisipotee, na bei isije ikapanda. — Mama wa wawili, Malindi*

Mama, namna hiyo ya kulipa ni nzuri kuliko kulipa zote mwanzo, kwa sababu hasara yako ya juu ni zile 40. Hata hivyo, kuna mambo ya kutazama leo hii, kabla mwaka haujapita.

La kwanza ni muda wa kudai. Kwa kanuni za Visa na Mastercard, bidhaa isipofika unaweza kuiomba benki yako irudishe malipo ndani ya siku 120 tangu tarehe iliyoahidiwa, lakini kwa jumla dai halivuki siku 540 tangu pesa zilipokatwa. Siku 540 ni mwaka mmoja na nusu. Injini nyingi hungojewa zaidi ya hapo. Andika tarehe ya malipo kwenye kalenda, uongeze miezi 16, na siku hiyo uamue: je, kuna sampuli imeonekana? Kama hakuna, omba arubuni yako wakati benki bado ina uwezo wa kukusaidia.

Kadi yenyewe nayo huisha muda. Duka likijaribu kukata salio kwenye kadi iliyokwisha muda, malipo hukataliwa, nao hutuma barua pepe moja au mbili, kisha injini yako humwendea aliye nyuma yako kwenye foleni. Hili huwakosesha watu injini zao bila kiwanda kuwa na kosa. Ukipata kadi mpya, siku hiyohiyo ibadilishe kwenye akaunti ya duka, na uhakikishe barua pepe waliyonayo ndiyo unayoisoma.

Kuhusu bei, tafuta kama risiti inasema bei imefungwa au ni ya kukadiria. Maneno hayo mawili ni mbali kama Lamu na Mombasa. Na usiisahau shilingi. Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160, na kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa karibu 129. Salio la kitu cha miaka miwili linaweza kupanda au kushuka kwa kiasi hicho bila duka kugusa bei. Tia akiba ya asilimia 20 juu ya salio ulale usingizi.

Faida moja ipo upande wako. Bidhaa inayotoka Uingereza kuja Kenya haipaswi kutozwa kodi yao ya mauzo ya asilimia 20. Injini ya pauni 240 ya dukani kwao, kwako ni pauni 200 pamoja na usafiri. Hakikisha anwani ya kupelekewa iliyo kwenye oda ni ya Kenya. Ikiwa ni ya jamaa aliyeko London, utalipa zote 240.

Kutoka Nairobi hadi gatini

*Nitalipa ushuru gani, na mzigo utafikaje Lamu bila kuvunjika? — Msomaji, Mkomani*

Vitu hivi huingia forodhani chini ya fungu 9503, linalokusanya vitu vya kuchezea pamoja na mifano ya vipimo vidogo. Mwambie muuzaji aandike namba hiyo na maneno "mfano wa garimoshi wa umeme" kwa Kiingereza, pamoja na bei ya kweli. Kuandika bei ya uongo ili kupunguza kodi hukugharimu mara mbili: afisa akishuku hukadiria mwenyewe, na mzigo ukivunjika bima hulipa ile bei ya uongo.

Tozo hupigwa juu ya bei, usafiri na bima vikijumlishwa. Tuseme jumla hiyo ni shilingi 40,000, na tuweke ushuru wa asilimia 25 kwa ajili ya mfano huu tu. Ushuru unakuwa 10,000. Ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 ni 1,000. Ada ya maendeleo ya reli ya asilimia 2 ni 800. Halafu VAT ya asilimia 16 juu ya 50,000, yaani thamani pamoja na ushuru, ni 8,000. Jumla 19,800. Kwa hiyo ukiweka kando nusu ya thamani ya mzigo hutashtuka. Viwango hubadilishwa na sheria za fedha, basi viulizie KRA, mamlaka ya mapato, mwezi injini inapokaribia kutoka, usitegemee ulivyoambiwa ulipoagiza.

Safari ya mwisho ndiyo inayoziua injini nyingi. Nyumba za mitaa yetu ya Lamu hazina nambari za milango: andika mtaa, msikiti ulio karibu na nambari ya simu inayopatikana, pamoja na sanduku lako la Posta na msimbo wa 80500. Basi linaishia Mokowe. Kutoka hapo ni boti, na tatizo la boti ni ngama. Mzigo ukiwekwa sakafuni, maji ya chumvi yaliyotuama yanapanda kwenye karatasi ya boksi kama utambi. Mwombe nahodha au jamaa anayeupokea aupakate, ndani ya mfuko wa plastiki mzito uliofungwa mdomo, boksi likiwa limelala bapa. Injini ikisimamishwa wima, uzito wake wote hukaa kwenye bafa na ngazi za mbele, navyo ni plastiki. Hamali wa mkokoteni ni mwepesi, lakini mawe ya vichochoro yanarusha. Boksi hili libebwe mkononi.

Munyu, zidaka na reli

*Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani. Nataka kuiweka injini kwenye zidaka vya ukumbini ikifika, na meza ya reli niijenge wakati huu wa kungoja. Jamaa yangu anasema bahari itaimaliza. — Msomaji, Mkomani, Lamu*

Jamaa yako anasema kweli, lakini kuna njia.

Kidaka ni pazuri kwa macho tu. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na una munyu ndani yake, na chokaa yake huachia vumbi laini la kukwaruza. Vumbi hilo likiingia kwenye gia lenye mafuta linakuwa kama msasa. Ukitaka lazima injini ikae kidakani, iweke ndani ya kisanduku cha akriliki chenye mfuniko unaobana, kikiwa kimeinuliwa juu ya vijiti viwili ili kisiguse chokaa. Ndani tia gramu 50 za silika jeli ya rangi ya chungwa. Ikigeuka kijani, ipashe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa 2 na uirudishe. Mchele hautoshi kazi hiyo: hunyonya kidogo, huacha unga na huita wadudu.

Sababu ya kuhangaika hivi ni tabia ya chumvi. Munyu wa kawaida huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa unapofika asilimia 75. Chumvi ya bahari ina magnesi ndani yake, na sehemu hiyo huvuta maji hata unyevu ukiwa wa asilimia 33. Hewa ya Lamu haishuki hapo. Kwa hiyo vumbi la munyu lililotua kwenye reli halikauki siku yoyote ya mwaka, kaskazi wala kusi. Zamaki nayo, ikiwa iliyeyushwa na uchafu wa risasi hata kidogo mno, huvimba na kupasuka kutoka ndani, na joto pamoja na unyevu huharakisha ugonjwa huo. Hautibiki. Kinga yake ni kisanduku kikavu.

Kwa reli, usinunue ya chuma. Itapata kutu kabla injini haijafika. Nunua ya ile aloi inayoitwa fedha ya nikeli, ambayo haina fedha ndani: ni shaba, nikeli na zinki. Duara la nusu-kipenyo cha 438 linahitaji vipande 8 vya kona vya nyuzi 45, na ubao wenye upana usiopungua mita 1. Ubao uwe plaiwudi ya milimita 12, upakwe vanishi pande zote mbili na kingo zote kabla ya kupigiliwa chochote. Kingo ndizo watu wanazosahau, na huko ndiko maji yanakoingilia. Ubao laini wa kubandikia matangazo usiutumie pwani. Huvimba, na mchwa huupenda.

Acha pengo kati ya reli na reli. Mita 4 za reli hiyo hurefuka karibu milimita 1 joto likipanda nyuzi 15, na chumba chenye paa la mabati, kama vingi vya Malindi, hupanda zaidi ya hapo kati ya alfajiri na alasiri. Pengo la unene wa kadi ya simu kila baada ya mita moja linatosha. Umeme usitegemee viungio vya reli peke yake, kwa maana munyu huingia ndani yake na kuvikatia njia. Katika kila kipande cha pili, lehemu waya kwenye reli ya kulia na mwingine kwenye ya kushoto, uzipeleke za kulia zote kwenye waya mnene mmoja chini ya ubao na za kushoto zote kwenye wa pili, zisigusane.

Kusafisha: kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kilicholowa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, upite juu ya reli kila kabla ya kuendesha. Usitumie msasa, kwa sababu mikwaruzo yake hushika uchafu upya. Usitumie waya wa kusugulia sufuria kabisa: vipande vyake vya chuma huvutwa na sumaku ya mota na kuiunguza.

Kidhibiti cha Uingereza kinaingia kwenye soketi zetu bila adapta, na umeme wetu wa volti 240 kinauweza. Cha Marekani cha volti 120 kitaungua. Umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi ndipo huua, na kile kifaa cha kulindia friji kinafaa hapa vilevile.

Mafuta ya nazi yanafaa kwenye gia?

*— Msomaji, Shela*

Hayafai. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, huchacha, kisha hugeuka gundi. Tumia mafuta mepesi ya sanisi yasiyoumiza plastiki, tone moja la ncha ya sindano kwa kila ekseli. Tone la pili huishia kwenye reli.

Garratt ya Mombasa–Nairobi

*Mimi sitaki injini ya Kizungu. Nataka zile kubwa za Afrika Mashariki. Kwa nini haziagiziki kama nyingine? — Mwalimu, Malindi*

Mwalimu, unazungumzia daraja la 59, zile injini za muundo wa Garratt, na moyo wako umechagua vyema. Zilikuwa 34, ziliundwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zilichoma mafuta mazito, na kila moja ilipewa jina la mlima. Nambari 5918, Mount Gelai, iko katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi hadi leo. Boila ilibebwa katikati ya injini mbili kamili, moja mbele na moja nyuma: magurudumu 4-8-2+2-8-4, yaani kila injini ina manane ya kuendesha, na madogo manne upande mmoja na mawili upande wa pili.

Ugumu wake kwa mtengenezaji uko hapohapo. Injini ya kawaida ina seti mbili za silinda na mikono. Hii ina nne, na kila seti ina vipande vile vile vidogo vinavyochelewesha miradi. Halafu njia yetu ya zamani ina upana wa mita 1. Kwa kipimo cha 1:87 hiyo ni milimita 11.5, kwa hiyo inatembea kwenye reli ya milimita 12, si ile ya 16.5 iliyojaa madukani. Anayeinunua lazima abadili reli zote. Wateja wanapungua, na gharama ya kalibu inabaki ileile. Miradi ya namna hii huanza kwa kukusanya majina, na isipofikisha idadi hufutwa na arubuni kurudishwa. Kabla ya kutoa chochote, soma masharti yanasema nini juu ya kufutwa.

Pima nafasi pia. Ya kweli ina urefu wa karibu mita 31.7. Kwa 1:87 ni karibu sentimita 36.4, inakaa mezani. Kwa 1:22.5, ambapo reli ya milimita 45 inawakilisha takriban mita moja, ni mita 1.41, urefu wa mtoto wa darasa la tano.

Ukienda Nairobi, beba kijiti cha mita 2 kilichopakwa rangi nyeupe na nyeusi kila sentimita 10. Kisimamishe kando ya kila sehemu, simama mbali, kamera iwe usawa wa fremu, uvute picha kwa lenzi badala ya kusogea. Picha ya karibu hupotosha vipimo. Mtengenezaji mdogo anayechapa miili kwa mashine ya 3D atazithamini picha hizo kuliko arubuni.

Ya mvuke wa kweli je?

*Naweza kuagiza inayochemsha maji, si ya umeme? — Msomaji, Langoni*

Zipo, za reli ya milimita 45, zinazochoma gesi ya byuteni au spiriti. Foleni yake ni hiyohiyo. Gesi haisafirishwi na injini kwa ndege, hivyo tafuta mkebe wake hapa nchini kabla. Maji ya kisima yana chokaa na munyu, yataziba mabomba membamba. Maji ya mvua ya jabia yaliyochujwa kwa kitambaa kizito yanafaa.

Imefika. Nianzie wapi?

*Baada ya miezi 26 boksi liko mezani na sijathubutu kulifungua. — Msomaji, Malindi*

Hongera sana. Liache lilivyo saa chache lizoee joto la chumba, kisha simamisha simu irekodi video kabla ya kukata utepe. Kurudisha mzigo kutoka Malindi ni ghali, na video ndiyo itakayomfanya muuzaji akutumie kipande badala ya kubishana.

Itoe pamoja na plastiki yake, usiishike kwa vishikio vya waya vya ubavuni. Shika chini ya fremu na juu ya boila. Fungua ule mfuko mdogo wa vipande vya ziada juu ya sahani nyeupe, uvihesabu na karatasi yake. Tikisa boksi tupu: ngazi au filimbi iliyobanduka huwa imebaki pembeni. Kwa kalipa, pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu ya kila ekseli. Kwa 00 iwe milimita 14.5 hivi. Ekseli iliyosogea safarini ndiyo inayoangusha injini kwenye makutano ya reli, na watu huilaumu reli.

Geuza magurudumu juu, uweke kwenye sponji, uiguse kwa volti chache. Mikono izunguke bila kusita. Ikisita mahali pamoja, usiilazimishe kwa kuongeza umeme. Tafuta mkono uliopinda au uzi wa pamba uliozunguka ekseli. Ikizunguka vizuri, iweke relini ikiwa bado na kizibo chake kwenye soketi, bila dikoda, yaani kile kifaa kidogo kinachopokea amri za kidijitali. Iendeshe nusu saa mbele na nusu saa nyuma, mwendo wa wastani, bila mabehewa. Ukifunga dikoda kwanza na injini ikagoma, hutajua mgonjwa ni nani, na maduka mengi hayaipokei tena injini iliyofunguliwa.

Baada ya saa hiyo moja, shika fremu penye mota kwa kidole. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa moto wa kuondosha kidole, izime na umwandikie muuzaji leo, si baada ya wiki, ukiambatisha ile video na nambari ya oda.